Anza na Mbwa: Mwongozo Kamili wa Kuutazama Mchoro wa Kifaransa wa Mwindaji Msituni

Mtu akiwekewa mbele yake mchoro wa msitu wenye mwindaji na mbwa wake, macho humkimbilia mwindaji, kwa kuwa binadamu humtafuta binadamu mwenzake hata pichani. Mwongozo huu unakuomba ufanye kinyume chake. Mwanze mbwa. Katika michoro ya Kifaransa ya karne ya 19 mbwa ndiye anayekueleza huu ni uwindaji wa namna gani, anayewinda ni tajiri au maskini, na mara nyingi ndiye pia anayekuonyesha mahali ambapo mchoraji alitaka jicho lako litue.

Nimechagua mchoro mmoja tuufuate mwanzo hadi mwisho, maana kanuni za jumla hazimfundishi mtu kutazama. Mchoro huo ni «La Curée» wa Gustave Courbet, ulioonyeshwa mara ya kwanza katika maonyesho makubwa ya Paris, yale yaliyoitwa Salon, mwaka 1857. Leo unatunzwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Boston, Marekani. Courbet alizaliwa mwaka 1819 katika mji mdogo wa Ornans, mashariki ya Ufaransa, karibu na milima ya Jura. Baba yake alikuwa mkulima mwenye mashamba, na Courbet mwenyewe alikuwa mwindaji hasa, mtu wa kwenda porini na kurudi na matope miguuni. Jambo hili uliweke akilini, kwa sababu yeye alichora uwindaji alioujua mwenyewe.

Utahitaji vitu vichache: simu au kompyuta yenye kioo kizuri, karatasi mbili, penseli, futi ya fundi, kipande cha chaki, na saa moja isiyo na usumbufu.

Hatua ya kwanza: pata picha nzuri, kisha pima ukuta

Itafute picha ya mchoro huu katika tovuti ya jumba lenyewe, usiitafute penginepo. Nakala zinazozagaa mtandaoni huwa zimekatwa pembeni au zimeongezwa wekundu, na mchoro wenye giza kama huu ukiharibiwa rangi hata kidogo, nusu ya mambo yaliyomo hupotea. Ongeza mwanga wa kioo chako hadi mwisho na ufunge pazia la dirisha.

Kisha chukua futi na chaki, nenda kwenye ukuta mtupu, uchore mstatili wenye urefu wa sentimita 210 kwenda juu na upana wa sentimita 183. Usiiruke kazi hii kwa kuiona ya kitoto. Kwenye simu mchoro unaenea kiganjani, na akili huutendea kama kitu cha kiganjani. Ukisimama hatua tatu mbele ya mstatili wako utaona kwamba ni mkubwa kuliko mlango wa nyumba, na kwamba mbwa waliochorwa sehemu ya chini wangekufikia usawa wa miguu na magoti, pale pale ambapo mbwa halisi angesimama kama angekuja kukunusa. Mimi nilikuwa nimeutazama mchoro huu kwenye vitabu kwa muda mrefu, lakini sikuwaelewa wale mbwa mpaka siku niliyopiga chaki ukutani na kuangalia chini badala ya kuangalia mbele.

Hatua ya pili: mtazame mbwa peke yake

Sasa chukua karatasi mbili na uzifunike sehemu nyingine zote za picha, ubaki na kona ya chini upande wa kulia. Hapo wamo mbwa wawili wa kuwindia, wenye manyoya mafupi yaliyochanganya weupe na hudhurungi. Watazame kwa dakika tano kamili kwa saa.

Wafaransa walikuwa na makundi mawili makubwa ya mbwa wa kuwindia, na ukiyachanganya utausoma mchoro vibaya. Kundi la kwanza ni la wale wanaowaita «chiens courants», yaani mbwa wa kukimbiza: hunusa nyayo, huzifuata kwa mwendo mrefu huku wakibweka, na watu huwinda nao wakiwa wawili, watano au hamsini kwa pamoja. Kundi la pili ni «chiens d'arrêt», mbwa wa kusimama: huyu akinusa ndege aliyejificha majanini habweki wala harukii, bali huganda mahali alipo, shingo imenyooka, mara nyingi mguu mmoja wa mbele umekunjwa, mpaka mwindaji afike na bunduki yake. Mbwa wa kukimbiza ni wa mnyama wa miguu, tena wa msituni. Mbwa wa kusimama ni wa kwale na ndege wengine wa mashambani na vichakani, na mara nyingi mtu huwa naye mmoja tu.

Kwa hiyo ukikutana na mchoro wowote wa aina hii, jiulize kwanza: mbwa huyu ni wa kukimbiza au wa kusimama? Ukitaka kuona tofauti kwa macho yako, jumba hilo hilo la Boston lina mchoro wa Constant Troyon wa mwaka 1860 unaomwonyesha mbwa wa kusimama akiwa kazini. Uweke kando ya huu wa Courbet. Troyon amechora kazi ikiendelea, mwili wa mbwa umekaza kama kamba iliyovutwa. Mbwa wa Courbet ni wa kukimbiza, na kazi yao imekwisha.

Msomaji aliyelelewa pwani yetu, kama nilivyolelewa mimi, huenda ana jambo la kujitahadhari nalo hapa. Sisi tumefundishwa kuwa mate ya mbwa yana hukumu yake, chombo alichokilamba huoshwa mara saba, na jicho letu limezoea kumpita mbwa haraka. Hata hivyo lugha yetu inamjua vizuri mbwa wa kazi: tunalo neno msasi, yaani mwindaji, na wazee walisema kwamba mbwa wa msasi mkali naye ni mkali. Mtazame mbwa wa Courbet kwa jicho la msasi na mengine yatafuata.

Hatua ya tatu: mfunue mnyama aliyeuawa, kisha usome jina la mchoro

Isogeze karatasi ya kushoto. Kwenye mti amening'inizwa mnyama wa jamii ya kulungu, mdogo wa umbo, ambaye Wafaransa humwita «chevreuil». Amefungwa mguu mmoja wa nyuma, na kichwa chake kimeshuka hadi ardhini.

Hapa ndipo jina linapokuwa na kazi. Katika Salon ya 1857 mchoro uliandikwa kwa jina refu lililotaja kulungu na misitu ya Jura kuu, lakini neno la kwanza ni «curée». Curée ni fungu la mbwa: mwindo ukimalizika, baragumu hupigwa, na mbwa hupewa sehemu yao ya mnyama pale pale msituni, kama ujira na kama funzo, ili kesho wajue wanachokifukuzia. Tafsiri nyingi hupoteza maana hiyo na kumfanya mtazamaji adhani jina linamzungumzia mnyama aliyeuawa tu. Sivyo. Mchoro umepewa jina la haki ya mbwa. Na ukitazama tena utaona kwamba haki hiyo haijatolewa: kulungu yuko kwenye kamba, bado hajakatwa, mbwa wako chini, na hakuna anayeshika kisu. Courbet amechora muda wa kungojea.

Hatua ya nne: sasa mfikie mwindaji

Ondoa karatasi zote. Mwindaji amesimama nyuma kidogo, ameegemea shina la mti, amekunja mikono kifuani, na kivuli kimemfunika. Hamtazami mnyama wala mbwa. Sura yake ni ya Courbet mwenyewe. Amejitia pichani kama alivyozoea kufanya katika michoro yake mingi. Pembeni yake, upande wa kulia, ameketi kijana wa kizibao chekundu akipuliza baragumu. Huyo ni «piqueur», mtumishi anayewaongoza mbwa na kuwaita. Ule wekundu ndio rangi pekee inayopaza sauti katika mchoro mzima, na umewekwa juu ya kazi ya mtumishi, ilhali bwana yumo gizani.

Ili uelewe kwa nini mwanamume wa kawaida kusimama hivi msituni lilikuwa jambo zito, huna budi kujua sheria. Kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa haki ya kuwinda ilikuwa ya mfalme na makabaila. Mkulima aliyeona sungura wakila mazao yake hakuruhusiwa kuwapiga risasi. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 upendeleo huo ulifutwa pamoja na mingine mingi, na kuanzia hapo bunduki na mbwa vikawa, kwa mtu wa kijijini, alama ya kwamba ardhi ni yake kweli. Lakini tarehe 3 Mei 1844 ikaja sheria mpya ya uwindaji: kila anayewinda awe na kibali cha faranga 25, kiasi ambacho kibarua wa shambani hakukipata kwa siku chache. Wenye uwezo wakawa wawindaji, wasio na uwezo wakawa majangili, ingawa msitu ni ule ule na mbwa ni wale wale.

Basi kwa kila mchoro wa mwindaji uliochorwa baada ya 1844, mkague mtu kuanzia miguuni kwenda juu. Je, amevaa buti nzuri au viatu vya mbao? Ana mkoba wa ngozi wa kutilia mawindo, au amevaa joho pana la kitambaa cha buluu walilovaa vibarua? Kuna mtumishi? Courbet katika «La Curée» anaye mtumishi, anayo baragumu na ana mbwa wa kukimbiza. Amejichora akiwa mtu mwenye haki kamili ya kuwa pale alipo. Kwa mwana wa mkulima, hilo ni tamko. Naamini ndiyo sababu mojawapo ya utulivu wa ile mikono iliyokunjwa.

Hatua ya tano: kodoa macho uutazame msitu

Funga macho nusu, kama mtu anayetazama juani, mpaka maumbo yapotee na libaki giza na mwanga tu. Ukipenda, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu. Utaona kwamba sehemu kubwa ya mchoro ni giza la miti, na kwamba mwanga umegawiwa kwa ubahili: tumbo la kulungu, manyoya ya mbwa, kijana wa baragumu.

Courbet alizoea kuanza na kitambaa kilichopakwa rangi ya giza, kisha akapandisha mwanga hatua kwa hatua. Alieleza kwamba maumbile bila jua ni meusi, naye hufanya lifanyavyo jua, kuangaza pale palipochomoza. Wachoraji wa mandhari waliomfuata wakitumia kitambaa cheupe walifika kwenye picha nyangavu. Yeye alibaki na uzito. Alipenda pia kupaka rangi kwa kisu badala ya brashi, hasa kwenye miamba, majani na theluji, kwa hiyo ukikuza picha utafute mahali ambapo rangi imelala bapa na kukatika ghafla pembeni, kama siagi iliyopakwa mkateni. Hapo kisu kimepita. Kisha linganisha na manyoya ya mbwa, yanayotaka brashi inayofuata mwelekeo wa nywele.

Hatua ya sita: tafuta mishono

Hatua hii wengi hawaijui, nayo ndiyo iliyonifanya niupende mchoro huu. «La Curée» haukuchorwa kwenye kitambaa kimoja. Ni vipande kadhaa vilivyounganishwa. Kiini chake ni mwindaji na kulungu. Picha ilipokua kichwani mwa mchoraji, akaongeza kitambaa na kuendelea, mpaka ikapata ukubwa ilio nao.

Kuza picha hadi mwisho na uisogeze polepole kutoka juu hadi chini, kisha kutoka kushoto hadi kulia, ukitafuta mistari iliyonyooka kupita kiasi. Msituni hakuna mstari ulionyooka. Ukiuona unaopita katikati ya majani bila kujali majani yanaelekea wapi, huo huenda ni mshono. Weka alama kwenye karatasi yako kwa penseli. Ukimaliza, tazama ramani uliyoichora na ujiulize: kama mchoro ungebaki kwenye kile kipande cha kwanza, ungekuwa unahusu nini? Ungekuwa mtu na mzoga, na ukimya. Vipande vilivyoongezwa vimeleta sauti ya baragumu na pumzi za mbwa. Mishono inakuonyesha mchoraji akibadili mawazo, jambo ambalo picha iliyokamilika huwa inalificha.

Hatua ya saba: badilisha majira ya mwaka

Baada ya kuumaliza mchoro mmoja, utazame mwingine wa mkono ule ule ambao hali ya hewa ni tofauti. Nakupendekezea mchoro wa majangili kwenye theluji, uliochorwa na Courbet mwaka 1867 na unaotunzwa Roma katika jumba la taifa la sanaa ya kisasa. Wanaume wawili wanatembea na mbwa wao katika nchi nyeupe tupu.

Theluji hapa ni zaidi ya pambo. Ile sheria ya 1844 iliwapa wakuu wa mikoa mamlaka ya kupiga marufuku uwindaji wakati wa theluji, kwa kuwa nyayo huonekana waziwazi na mnyama hana pa kujificha. Kwa hiyo mtu mwenye bunduki na mbwa kwenye theluji anaweza kuwa mvunja sheria hata kabla hajafyatua risasi, na zile nyayo zinazomsaidia yeye ndizo zitakazomsaidia askari wa msitu kumpata. Courbet mwenyewe aliwahi kutozwa faini kwa kosa la namna hii. Ukilijua hilo, mbwa anayeinamisha pua kwenye theluji hatakuwa tena kipambo cha majira ya baridi.

Hatua ya nane: fuatilia safari ya mchoro

Kila mchoro una safari, na majumba mazuri huiandika chini ya maelezo yake: nani aliununua, lini, kwa nani. Isome mstari kwa mstari. Ya «La Curée» ina kituo kimoja cha kukumbukwa. Mwaka 1866 kikundi cha wasanii wa Boston kilichoitwa Allston Club, ambamo alikuwamo mchoraji William Morris Hunt aliyewahi kuishi na kusoma Ufaransa, kiliununua kwa dola 5,000. Wanunuzi walikuwa wachoraji. Courbet alipopata habari alifurahi sana, akasema kwamba hana haja na heshima za Salon ikiwa wanafunzi wa sanaa wa nchi changa na kubwa wanamwelewa na kununua kazi zake. Jumba la makumbusho liliupata baadaye, mwaka 1918.

Safari hii ina faida nyingine kwa yeyote anayefikiria kununua mchoro wa zamani. Baada ya Jumuiya ya Paris ya 1871, yaani serikali ya waasi iliyoushika mji huo kwa wiki chache, Courbet alilaumiwa kwa kubomolewa kwa mnara wa Vendôme, nguzo ya kumbukumbu ya ushindi wa Napoleon iliyosimama mjini humo, akakimbilia Uswisi mwaka 1873, na akadaiwa gharama za kuujenga upya, zaidi ya faranga 323,000. Alifariki uhamishoni siku ya mwisho ya mwaka 1877. Katika miaka hiyo ya dhiki wasaidizi walimchorea sehemu za mandhari, na wengine wakaiga mkono wake bila ruhusa, hata soko likajaa misitu na maporomoko ya maji yenye sahihi yake. Kwa mchoro wa Courbet usio na historia ya wamiliki inayofika karne ya 19, sahihi peke yake si ushahidi. Usitoe pesa kabla mtaalamu hajaugusa.

Hatua ya tisa: wapeleke mbwa New York

Tovuti ya jumba la Metropolitan la New York ina mchoro mwingine wa Courbet wa mwaka 1857, wa mbwa wawili na sungura aliyekufa. Upakue, jumba hilo linaruhusu picha za michoro yake ya zamani zitumike bure. Utawatambua mara moja: ni mbwa wale wale wa «La Curée». Courbet aliwatoa katika mchoro mkubwa, akawapa kitambaa chao wenyewe, bila bwana, bila baragumu, bila kulungu. Wamesimama juu ya sungura, na msitu uko nyuma yao.

Ziweke picha mbili bega kwa bega kwenye kioo. Katika ile ya Boston, mfunike mwindaji kwa kiganja chako kwa dakika moja, kisha mfunue. Katika ile ya New York, tafuta mahali ambapo mwindaji angesimama kama angekuwapo, uweke kidole hapo. Halafu andika sentensi tatu kwenye karatasi yako, ukianza kila moja na neno mbwa.